Homa inarudi-rudi: tusiseme tena ni "malaria ya mu damu"

Wakati wa mvua, toka mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, watu wanakuja kwenye biro yetu ya sendika na mambo ya mushahara, ya kontra, ya viatu vya kazi. Lakini ukikaa nao dakika kumi, mazungumzo yanafika kwenye homa. Baba alitoka kitandani wiki mbili zilizopita, leo ameanguka tena. Mtoto alimaliza dawa juzi, usiku mwili umekuwa moto. Mama amekopa kwa jirani ili alipe serumu, na deni la mwezi uliopita bado liko. Mwisho wake karibu kila mmoja anasema maneno yale yale: "Miye malaria yangu iko ya mu damu. Inarudiaka tu."

Sisi tunaosimamia wafanyakazi wa mine hapa Haut-Katanga na Lualaba, tunaomba neno hilo tuliache. Mtu akiamini kama malaria imeota mizizi ndani ya damu yake, haombi kupimwa tena, hamalizi dawa, haulizi yale maji yaliyo nyuma ya nyumba yametoka wapi. Na kampani nayo inapumua, maana ugonjwa umekuwa wa mtu mwenyewe. Hapana. Homa inayorudi iko na sababu, na sababu inatafutwa mpaka inapatikana.

Hatuongei juu ya jambo dogo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, OMS, Kongo yetu ni ya pili duniani kwa malaria, nyuma ya Nigeria. Kati ya wagonjwa kumi wa malaria wa dunia nzima, zaidi ya mmoja yuko kwetu, na wanaokufa zaidi ni watoto wasiotimiza miaka mitano.

Kijidudu kinafanya nini mwilini

Malaria inaletwa na kijidudu ambacho mbu jike wa aina ya anofele anakitia mwilini akiuma usiku. Kwanza kinaingia kwenye ini, kinakaa mule siku kama saba, na mtu hasikii kitu. Kisha kinatoka, kinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzaa. Baada ya siku mbili chembe inapasuka, na vijidudu vipya vinatoka kutafuta chembe zingine. Kupasuka huko njo kunaleta baridi, kutetemeka, kichwa kuuma na jasho. Na kwa vile chembe nyekundu ndizo zinavunjwa, mtoto mwenye homa mara kwa mara anabaki mweupe viganja na midomo: damu imepunguka.

Tushike mambo mawili hapo. La kwanza: homa ya leo haikutoka kwa mbu wa jana. Aliyekuuma alikuuma wiki moja au mbili zilizopita, pengine ulipokuwa safarini au kwenye posti ya usiku. La pili: vijidudu vikibaki hata vichache, kila siku mbili vinaongezeka. Wewe unajisikia umepona, unaenda kazini, kumbe ndani vinahesabu siku zao.

Kuna aina nyingine ya malaria, inayoonekana zaidi Asia na Amerika ya Kusini, ambayo inalala ndani ya ini miezi mingi kisha inaamka. Labda njo hiyo watu walisikia habari yake. Lakini karibu malaria yote ya Kongo ni ya aina inayoitwa falsiparumu, na hiyo hailali ndani ya ini. Dawa nzuri ikimezwa yote, inaisha. Basi homa ikirudi, tutafute kati ya sababu nne.

Sababu ya kwanza: dawa iliyogawanywa

Hii tunaiona kila wiki. Baba amepewa artemeta-lumefantrini. Kwa mtu mzima, vile vidonge vya kawaida ni 24: vinne vya kwanza, vinne tena masaa 8 baadaye, halafu vinne asubuhi na vinne jioni, siku ya pili na siku ya tatu. Siku mbili za kwanza anameza. Siku ya tatu amesimama, amekula bukari, kazi inamungoja. Vidonge 8 vinavyobaki anaviweka ndani ya kopo kwa ajili ya mke au mtoto atakayegonjwa kesho.

Anafanya vile kwa roho ya baba mwenye familia. Lakini matokeo yake ni wagonjwa wawili wasiopona. Baba homa yake inarudi kisha wiki mbili au tatu, na mtoto anapewa vidonge ambavyo havifuati kilo zake wala havitoshi siku tatu. Na dawa inayomezwa nusu-nusu na watu wengi inafundisha vijidudu kuizoea.

Dawa hiyo inataka chakula chenye mafuta, ndipo mwili unaipokea vizuri: sombe yenye mafuta ya ngazi, karanga, maziwa, yai. Ukitapika kabla ya nusu saa kupita, kipimo kile hakikuingia. Umeze tena, na urudi kwa muuguzi akuongezee vidonge vya kumalizia. Wengine wanapewa artesunati-amodiakini, hiyo ni mara moja kwa siku, siku tatu. Inaweza kuleta uchovu na kichefuchefu. Si sababu ya kuiacha njiani.

Na serumu ya kinini je? Wengi wetu tunaamini kama bila serumu hujatibiwa. Kinini inataka siku saba. Watu wanalipa serumu mbili, masikio yanaanza kulia, wanaacha. Hapo umelipa bei kubwa kwa dawa isiyomalizika. Malaria isiyo kali inatibiwa na vidonge. Malaria kali inatibiwa lopitali na sindano za artesunati, na kisha sindano lazima umalize na vidonge vya siku tatu. Wengi wanatoka lopitali na karatasi ya vidonge mfukoni, wanasema wamepona, hawavinunui.

Mwisho, tuangalie dawa tunainunua wapi. Vidonge vinavyouzwa kandokando ya soko, vimepigwa na jua toka asubuhi, tarehe imefutika kwenye boksi, hakuna anayejua ndani kuna nini.

Sababu ya pili: mbu mwingine

Unaweza kutibiwa vizuri kabisa, umalize vidonge vyote, na mwezi unaofuata ugonjwe tena kwa sababu umeumwa tena. Hapo dawa haikushindwa. Ni nyumba na maji vilivyobaki vile vile. Kupona malaria hakukukingi kabisa na nyingine.

Watu waliotoka mbali kuja kutafuta kazi mine wanashangaa: "Kwetu sikukuwa nagonjwa hivi." Mtu aliyekulia pahali pa malaria nyingi mwili wake unajifunza polepole kuivumilia, lakini kujifunza huko kunapunguka akikaa miaka pahali penye malaria chache. Na mtoto mdogo bado hajajifunza kitu. Njo maana baba na mtoto wanaweza kuumwa na mbu mmoja, baba akapata kichwa kuuma tu, mtoto akafika lopitali amepoteza fahamu.

Sababu ya tatu: kipimo kinachosema bado

Kile kipimo cha haraka, TDR, ambacho wanachoma kidole na kuweka tone la damu kwenye kiplastiki, ni msaada mkubwa. Lakini tukijue vizuri. Kile kinachotumika zaidi kwetu hakitafuti kijidudu kizima, kinatafuta alama kilizoacha ndani ya damu. Alama hizo zinaweza kubaki wiki mbili, tatu na zaidi kisha vijidudu vyote kufa.

Kwa hiyo mtu aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita, akapata mafua, akapimwa na TDR, mstari unatokea. Anaambiwa: malaria bado iko. Anapewa dawa tena. Kisha wiki mbili, tena vile vile. Hapo njo "malaria ya mu damu" inazaliwa: mtu yuko na mafua, karatasi inaandika malaria.

Kwa mtu aliyetibiwa karibuni, tuombe kipimo cha mikroskopi, kile tunaita gutepesi. Hicho kinaonyesha vijidudu vyenyewe, na mtu wa labo anavihesabu.

Sababu ya nne: si malaria

Homa ni kama kengele ya posti. Inalia, lakini haisemi ni nani aliyeipiga. Kifua, masikio ya mtoto, mikojo, jino lililooza, yote yanaweza kuleta homa. Kwetu kuna desturi nyingine: mtu anatoka dispensere na karatasi imeandikwa "malaria na tifoide" kwa pamoja. Tifoide iko kweli, inapita kwenye maji na chakula kichafu. Lakini kile kipimo cha Widal wanachotumia pahali pengi kinaweza kusema ndiyo hata kwa mtu asiye na tifoide leo, kwa sababu aliwahi kukutana na kijidudu hicho zamani. Tusikubali kunywa dawa za tifoide kila mwezi juu ya Widal peke yake. Tumuulize munganga: ni alama gani zingine umeona kwangu?

Kwa sisi watu wa mine kuna jambo zito zaidi. Vumbi la mabwe linaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika na vumbi yanakamatwa kirahisi na kifua kikuu, TB. Homa ya TB inakuja jioni, si kali sana, na jasho la usiku linalolowesha shuka. Mtu anakohoa wiki mbili na zaidi, anakonda, nguvu zinaisha.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, kazi yake kutoboa mabwe. Ndani ya msimu mmoja wa mvua alitibiwa malaria mara tano kwenye dispensere moja ya kampani, mara nyingi bila hata kuchomwa kidole. Kila mara anapewa vidonge, anapata nafuu kidogo, jasho linarudi. Bibi yake njo aliyesema: "Huyu anakohoa, si homa tu." Walipopima makohozi, ilikuwa TB. Wakati huo mtoto wao wa mwisho naye alikuwa ameanza kukohoa. Wote wawili walitibiwa, lakini miezi ile iliyopotea ilikula nguvu za baba na akiba yote ya nyumba. Kupima makohozi na dawa za TB ni bure nchini kwetu. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, usiulizie tena malaria peke yake.

Kaye ya homa

Sasa mtu atajuaje homa yake iko ya sababu gani? Tunapendekeza jambo rahisi. Nunua kaye moja ya masomo, iwe ya nyumba nzima. Kila mtu akigonjwa, andika mambo matano: tarehe homa ilianza, alipimwa na kipimo gani na jibu lilikuwa nini, jina la dawa na hesabu ya vidonge, tarehe alimaliza, au kama hakumaliza, na alilala wapi wiki mbili kabla ya homa.

Homa ikirudi, fungua kaye na uhesabu siku toka alipoanza dawa. Kama siku 28 hazijapita, mwambie muuguzi wazi: pengine dawa haikumaliza kazi, na atahitaji gutepesi na pengine dawa ya aina nyingine. Kama zimepita zaidi ya 28, mara nyingi ni mbu mwingine. Mgonjwa atatibiwa, lakini nyinyi mwende kuangalia maji na kitanda. Kama kipimo kimesema hapana, usiombe dawa ya malaria kwa nguvu. Omba watafute ugonjwa mwingine. Na kama mwenye homa kila mara ni yule yule anayelala karibu na dirisha, kaye itakuonyesha.

Usingoje hata usiku mmoja

Kuna alama ambazo hazitaki kaye wala kufikiri. Mtoto anayekakamaa na kurusha mikono na miguu. Mtoto asiyenyonya, asiyekunywa, anayetapika kila kitu. Mtu anayeongea maneno yasiyo na kichwa, au hawezi kukaa bila kushikwa. Kuhema haraka. Macho kuwa ya njano. Mkojo mweusi kama koka. Viganja vyeupe. Hayo ni malaria kali au ugonjwa mwingine mkali, ni lopitali saa ile ile, hata usiku. Tukimpeleka kwanza kwenye maombi au kwa mwenye mizizi, tunapoteza masaa ambayo mtoto hana.

Mama mwenye mimba naye ana njia yake. Toka mwezi wa nne wa mimba, kwenye konsiltasio, anapewa vidonge vya sulfadoksini-pirimetamini avimeze pale pale, na tena kila mwezi, angalau mara tatu. Malaria ya mimba inaweza isionyeshe homa kabisa, lakini mtoto anazaliwa na kilo ndogo. Na akipata homa asimeze kitu bila kupimwa.

Kuhusu chanjo, ile ya watoto inayoitwa R21 ilianza kutolewa nchini mwezi wa 10 mwaka 2024, kwa kuanzia Kongo Central. Tuulize kwenye vituo vyetu. Hata mtoto aliyechanjwa anaendelea kulala ndani ya mustikere.

Maji ya mine ni kazi ya mine

Watu wengi wanaogopa mfereji mchafu wenye kunuka. Ule unaleta mbu wa kelele, lakini anofele anapenda zaidi maji mengine: maji safi ya mvua, yaliyosimama, yenye kupigwa na jua. Ndani ya mji wa mine maji hayo yako kila pahali. Shimo la kutafuta shaba lililoachwa. Shimo la udongo wa matofali. Alama za matairi ya makamyo makubwa. Kandokando ya barabara isiyokuwa na mtaro. Yai la mbu linakuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja mpaka mbili. Njo maana kumwaga maji na kujaza mashimo ni kazi ya kila wiki. Ukifanya siku moja ya salongo kisha ukaacha mwezi, umewapa nafasi ya kuzaa mara mbili, mara tatu.

Kama kuna anayesema kampani haiwezi kitu juu ya mbu, tumwonyeshe jirani zetu. Ng'ambo ya Kasumbalesa, karibu na Ndola, kuna mji wa shaba unaitwa Luanshya. Mwaka 1929, mine ya Roan Antelope ilipokuwa inajengwa pale, watu walikufa na kugonjwa mpaka wafanyakazi wakaogopa kwenda. Walisema ndani ya mto kuna nyoka wa ajabu anayeua. Kampani ilimwita munganga mmoja Mskoti, Malcolm Watson, na watu wake wa Taasisi ya Ross ya London. Walikata matete, wakanyoosha mto ili maji yatembee, wakachimba mitaro kwenye madembo, wakamwaga mafuta juu ya madimbwi yaliyobaki, wakaweka waya za kuzuia mbu kwenye nyumba, wakagawa kinini na mustikere. Ilikuwa kabla ya dawa ya DDT na kabla ya hizi dawa za leo. Ndani ya miaka 3 mpaka 5, malaria na vifo vyake vilipunguka kwa 70 mpaka 95 kwa mia.

Kampani ile haikufanya kwa huruma peke yake. Ilitaka shaba itoke. Nasi leo tunasema hivyo hivyo kwa direksio zetu: mtu mwenye homa juu ya kamyo ya tani mia ni hatari kwake na kwa wenzake. Mashine zinazochimba shimo la mita mia zinaweza pia kujaza dimbwi lililo nyuma ya nyumba za wafanyakazi.

Kitanda, na posti ya usiku

Mustikere yenye dawa bado ni kinga ya kwanza. Si ya kufunika mboga, si ya kuvulia samaki. Ikiwa mpya, ianikwe kivulini siku moja kabla ya kutumika. Ifuliwe na sabuni ya kawaida, bila javeli, ikauke kivulini. Ikitoboka ishonwe. Baada ya miaka kama mitatu nguvu yake imepunguka, itafutwe nyingine. Na kama nyumbani iko moja tu, mama mwenye mimba na watoto wadogo njo wanaanza.

Lakini mustikere haimfuati baba kwenye posti ya usiku. Anofele anauma toka jua kuzama mpaka asubuhi, na saa hizo mwenzetu anangoja basi kandokando ya barabara, au analinda, au anakaa kwenye kantini ya wazi. Hapo ni ovaroli ya mikono mirefu, ni mafuta ya kufukuza mbu, ni waya kwenye madirisha ya nyumba za kupumzikia. Kwa wakrezeri wanaolala ndani ya vibanda vya plastiki karibu na mashimo, mustikere inaweza kufungwa kwenye miti minne. Tumeona wanaofanya hivyo. Koperative zinakusanya pesa kwa kila mfuko wa mabwe. Tunauliza: sehemu gani ya pesa hizo inanunua vipimo na mustikere?

Sheria inasema nini

Wengi wanakuja kazini na homa kwa kuogopa kupoteza prima ya kutokosa kazi, au kuogopa jina lao kufutwa. Tujue haki zetu. Kodi ya Kazi ya Kongo, sheria ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inamlazimisha mwajiri kumtibisha mfanyakazi na familia yake, mke na watoto, mpaka mwisho wa kontra. Munganga akikuandikia ripo ya ugonjwa, kontra inasimama kwa muda, haivunjiki, na unapata theluthi mbili za mushahara wako pamoja na posho yote ya watoto.

Haki hiyo si ya watu wa kampani kubwa peke yao. Anayefanya kazi kwenye sutretansi, mwajiri wake ni ile sutretansi, nayo inalazimishwa vile vile. Na jurnalie aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, sheria inamhesabu yuko na kontra isiyo na mwisho. Andikeni siku zenu. Tumeona watu walionyimwa bon ya lopitali kwa mtoto mwenye homa wakiambiwa "weye uko jurnalie", kumbe walipita siku hizo zamani.

Sheria hiyo hiyo inataka kila kampani iwe na komite ya usalama na hygiene kazini. Pahali pengi komite iko kwenye karatasi. Msimu huu delege wetu watapeleka kule mambo matano. Kwanza, hakuna dawa ya malaria bila kupimwa, na labo ifunguliwe usiku na siku ya Mungu. Pili, gutepesi iwepo, si TDR peke yake, na kila mwenye kukohoa apimwe TB. Tatu, hesabu ya homa za kila mwezi ibandikwe ukutani, posti kwa posti, bila majina ya watu. Nne, madimbwi yote yaliyozaliwa na kazi ya mine yajazwe au yatolewe maji, kabla ya mvua na kila wiki wakati wa mvua. Tano, ripo ya malaria iliyopimwa isikate prima ya mtu.

Kwa madai hayo tunahitaji ushahidi, na ushahidi ni zile kaye. Ba mama wanaokaa mtaa mmoja wakileta kaye kumi zinazoonyesha homa zilianza wiki moja, nyumba zote zikiwa karibu na shimo moja, hakuna shefu wa kambi atakayetuambia ni damu ya watu. Delege wa kila posti anapokea nakala, anaficha majina, anaandika paseli na tarehe. Mvua ya kwanza ikinyesha, tutapita pamoja na watu wa komite kuhesabu madimbwi. Mwenye kaye aje nayo, asiye nayo aanze leo na homa iliyo ndani ya nyumba yake sasa.